Maghala ya Tungi: Mali Iliyoteketea Mwaka 1887 na Deni Lililobaki

Bismillaahir Rahmaanir Rahiym



Ndugu zetu Waislamu, baada ya kumshukuru Allaah (Subhaanahu wa Ta'ala) na kumswalia Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), leo tunapenda tuzungumze na familia zetu za Mute, Palma na pwani yote ya kaskazini ya Cabo Delgado, pamoja na zile ambazo vita vimezisambaza mpaka Nangade, Pemba na Mtwara, juu ya kitu ambacho katika hadithi zetu za kale huwa tunakipita bila kukitazama. Kitu chenyewe ni ghala. Tunapowasimulia watoto habari za wazee, tunaanza na msikiti, tunakwenda kwenye makaburi ya mashekhe, kisha tunamalizia na ngome ya Mreno kule Ibo. Ghala la mfanyabiashara halitajwi, wala kihenge cha mkulima hakitajwi. Na hali ya kuwa bila ya viwili hivyo jahazi lisingetia nanga kwetu, na msikiti wenyewe usingepata mafuta ya taa.

Neno lenyewe lina fundisho. Ghala limetokana na neno la Kiarabu ghalla, maana yake mazao ya shamba. Kwa hiyo kwa asili ghala ni nyumba ya nafaka kabla ya kuwa nyumba ya vitambaa na pembe za ndovu. Na sisi pwani tulilitumia kwa yote mawili, kwani mfanyabiashara wetu wa zamani hakuwa na jengo la nafaka upande huu na jengo la bidhaa upande ule. Alikuwa na nyumba moja. Chini mali, juu au nyuma watoto, na mbele baraza ya kupimia.

Tungi ilikuwa wapi

Ghuba ambayo leo inaitwa ya Palma ndiyo iliyoitwa Ghuba ya Tungi. Kaskazini yake iko Rasi ya Delgado, ambayo imeupa mkoa mzima jina lake, na kusini yake iko rasi ya Afungi, ambayo dunia nzima imeijua kwa sababu ya gesi. Mute yetu iko kusini ya hapo. Ndani ya ghuba hii palikuwa na bandari mbili ambazo zilitajwa sana katika makaratasi ya mabalozi: Tungi yenyewe, na Minangani, penye mdomo wa mto wa jina hilo.

Bandari hizi zilikuwa mpakani, na mpaka una faida na una balaa. Upande wa kusini Mreno alikuwa Ibo, ambako alijenga ngome ya São João Baptista mwaka 1791. Upande wa kaskazini alikuwapo Sultani wa Zanzibar, ambaye katika karne ya 19 aliweka Tungi watu wake na askari wake. Mreno akisema ni pake, Sultani akisema ni pake. Wenyeji walikuwa na masultani wao wa Tungi, na walijua kuishi baina ya wakubwa hao wawili. Wafanyabiashara nao walifurahi, maana mahali ambapo wakubwa wawili wanagombania, ushuru hukusanywa kwa taabu.

Kilichowekwa ndani

Tuingie ghalani. Kutoka bara, kwa njia za Wayao, Wamakua na Wamakonde, zilikuja pembe za ndovu, nta, na sandarusi inayofukuliwa ardhini. Baadaye ulikuja mpira wa porini kutoka nyanda za juu za Wamakonde, ambao katika miaka ya 1870 na 1880 ulipata soko kubwa Ulaya. Palikuwa na marere, ambayo huota juu ya magome ya miti na kutoa rangi ya zambarau. Palikuwa na magamba ya kasa na kauri kutoka visiwani. Kutoka mashambani ulikuja mtama, mpunga na ufuta, na ufuta wa pwani hii ulisafirishwa mpaka Marseille kwenda kukamuliwa mafuta. Kwa kurudi, majahazi yalileta merikani, kaniki, shanga, nyaya za shaba, baruti na bunduki.

Vipimo navyo tuvitaje, kwani vijana wetu wa leo wanajua kilo tu. Pembe na mpira zilipimwa kwa frasila, ambayo ni ratili 35, yaani kama kilo 16. Nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi, vibaba vinne kwa pishi moja, na pishi 60 zikafanya jizla. Hapa mwanafunzi wa fiqhi asimame kidogo. Nisabu ya Zaka ya nafaka ni wasaqi tano, na wasaqi moja ni swaa' 60. Walimu wa pwani wamezoea kulinganisha swaa' na pishi, kama tunavyofanya kila mwaka katika Zakaatul Fitwr. Kwa hesabu hiyo jizla ni sawa na wasaqi, na mkulima aliyevuna jizla tano za mtama alijua kwa jicho tu kwamba fungu la kumi si lake, kama shamba lake lilinyweshwa na mvua. Hakuhitaji karatasi. Ghala lake lilikuwa ndilo daftari lake la Zaka.

Umuhimu wa nafaka hii tunaujua tangu zamani. Ibn Battuta alipopita pwani yetu mwaka 1331 aliona kwamba watu wa Mombasa hawakuwa na kilimo cha nafaka, bali waliletewa kutoka nchi ya Waswahili. Kisha akafika Kilwa, kiasi cha kilomita 200 kaskazini ya ghuba yetu, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Sultani huyo ndiye anayehusishwa na jumba la Husuni Kubwa, ambalo mwanaakiolojia Neville Chittick alilichimba katika miaka ya 1960. Jumba lile lina ua mkubwa upande wa kusini, na ua huo umezungukwa na vyumba ambavyo wataalamu wanaona vilikuwa vya kuwekea bidhaa. Maana yake ni kwamba hata mfalme aliishi pamoja na ghala lake.

Maghala ya miji midogo hayakuwa ya fahari namna hiyo. Kuta za mawe na udongo, au miti na udongo, na juu makuti. Makuti ni mazuri kwa hewa, na ni adui wa mali ikipata cheche moja.

Na walioshikwa

Lipo jambo ambalo hatuwezi kuliruka, ingawa wapo watakaoona heri tulinyamazie mbele ya watoto. Katika maghala na nyua za wafanyabiashara wa pwani hii waliwekwa pia watu. Pwani ya Cabo Delgado, pamoja na Kilwa, ilikuwa miongoni mwa milango mikubwa ya biashara ya watumwa, waliopelekwa Zanzibar, Komoro, Madagaska na visiwa vya Wafaransa. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kuikataza biashara hiyo baharini, lakini kwenye vighuba vyetu ambavyo meli za doria hazikufika kwa urahisi, iliendelea kwa siri miaka mingi baadaye.

Walioifanya hawakuwa Wareno peke yao. Walikuwamo watu wa dini yetu, wenye majina kama yetu, ambao walisimama safu ya mbele msikitini. Na wengi wa waliouzwa walikuwa watu huru walionaswa katika mashambulizi ya vijiji au walioibwa njiani. Anayesoma Sahihi ya al-Bukhari anajua kwamba muuzaji wa mtu huru aliyekula thamani yake ametajwa miongoni mwa watatu ambao Allaah Mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama. Hukumu hiyo ilikuwa vitabuni mwa mashekhe wa Tungi na Kilwa wakati ule ule. Haikuletwa na Mwingereza. Kwa hiyo mwalimu wa historia asiwaambie watoto kwamba ghala la Tungi lilikuwa la baraka tupu mpaka alipokuja kafiri kuliharibu. Asiseme pia, kama baadhi ya vitabu vya wakoloni, kwamba halikuwa na kitu ila minyororo. Mtama wa mkulima ulikuwamo, na mwana wa watu alikuwamo.

Mali kauli

Mali ile ilikuwa ya nani? Hapa ndipo penye utamu wa somo letu.

Kwa sehemu kubwa haikuwa ya mtu aliyeshika ufunguo. Zanzibar walikuwapo matajiri wa Kihindi, Mabaniani, Makhoja na Mabohora, ambao walitoa vitambaa na shanga kwa mkopo. Walio maarufu walikuwa kama Jairam Shivji, ambaye nyumba yake ilikodi forodha ya Zanzibar kwa miaka mingi, na baadaye Taria Topan. Matajiri hawa walikuwa na mawakala na jamaa zao katika bandari ndogo ndogo za pwani. Wakala alimpa bidhaa mwenye msafara kwa ahadi ya kulipwa kwa pembe au mpira atakaporudi, na mwenye msafara akawapa wengine huko bara kwa ahadi vile vile. Mali hii ya ahadi Waswahili waliiita mali kauli, kwa kuwa kilichokuwa kati yao ni neno.

Tazameni basi: ndani ya ghala moja la Tungi yaweza kuwa mzigo wa Baniani wa Zanzibar, mpira wa Mmakonde ambaye hajalipwa, mtama wa mwenye nyumba mwenyewe, na sanduku la jirani aliyesafiri kwenda Hija. Yote chini ya makuti mamoja.

Februari 1887

Mambo yaliharibika Ulaya kwanza. Mwishoni mwa mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana ni wapi nchi ya Sultani. Zikasema pwani yake inaanzia mto Minangani, penye Ghuba ya Tungi, mpaka Kipini, na kuingia bara maili kumi za baharini tu. Sultani hakukaa kwenye meza hiyo. Tarehe 30 Desemba mwaka huo huo Ujerumani ikafanya mapatano mengine na Ureno, ambayo yaliufanya mto Ruvuma kuwa mpaka baina yao. Na Ruvuma uko kaskazini ya Minangani! Kwa hiyo mwezi mmoja Tungi iliandikwa kuwa ya Zanzibar, na mwezi uliofuata ikawekwa upande wa Ureno, na waandishi wa mikataba hiyo hawakupata kuonja hata maji ya kisima chake.

Ureno haikungoja. Gavana Mkuu wa Msumbiji, Augusto de Castilho, alimtaka Barghash aitoe Tungi, naye hakukubali. Mwezi Februari 1887 manowari za Kireno zikaipiga mizinga Tungi, na Minangani vile vile, na meli ya Sultani iitwayo Kilwa ikakamatwa. Askari wakatua. Nyumba zikachomwa na mali ikaporwa.

Waliopoteza zaidi si askari wa Sultani. Ni watu wenye maghala na wenye mashamba nyuma yao. Miongoni mwao walikuwamo Wahindi ambao kwa sheria walihesabiwa kuwa raia wa Uingereza, na kwa ajili hiyo hasara yao iliandikwa, ikapelekwa London, ikadaiwa kwa njia ya kibalozi. Hasara ya Mmwani na Mmakonde haikuwa na ubalozi wa kuidai. Ndiyo maana katika kumbukumbu za serikali tunasoma habari za mali ya Mabaniani wa Tungi, wala hatusomi mkulima fulani alipoteza jizla ngapi za mtama. Hatusemi Wahindi wale walipendelewa bure, mali yao ilikuwa ni haki yao. Walikuwa wageni waliokaa kwa amani katika nchi ya Waislamu, na sheria yetu inailinda mali ya mtu wa namna hiyo kama inavyoilinda mali ya Muislamu. Tunasema tu kwamba aliyeandikiwa anakumbukwa.

Sultani Barghash alifariki Machi 1888 bila ya kuirudisha Tungi. Mwaka 1894 Wajerumani nao wakaja wakakalia Kionga, kusini ya Ruvuma, kipande ambacho Wareno walikirudisha Aprili 1916 wakati wa Vita Kuu.

Baada ya moto

Kilichofuata kiliyafanya maghala yasirudi kama yalivyokuwa. Mwaka 1891 serikali ya Ureno iliikabidhi nchi yote baina ya Ruvuma na Lúrio kwa kampuni, Companhia do Niassa, ambayo ilitawala mpaka 1929. Kampuni ilitoza kodi ya nyumba na kuwatoa watu kwenda kufanya kazi, na wengi walivuka Ruvuma usiku na watoto mgongoni. Biashara ya mipakani iliyokuwa ikilisha maghala ikageuka kuwa magendo.

Kisha ikaja pamba. Kuanzia mwaka 1938 kilimo cha pamba kilisimamiwa kwa nguvu kaskazini ya Msumbiji yote. Kila familia ikapimiwa shamba, na makampuni yakanunua kwa bei waliyoipanga wenyewe. Mkulima aliyepalilia pamba wakati wa kupalilia chakula alivuna kitu kisicholika. Sehemu nyingi njaa iliingia, na watu wakauelemea muhogo kwa kuwa hauhitaji kazi nyingi na hukaa ardhini ukingoja. Ulazima huo ulifutwa mwaka 1961, mwaka mmoja baada ya mauaji ya Mueda ya tarehe 16 Juni 1960. Mizinga ya 1887 ililichoma ghala la mfanyabiashara kwa siku moja. Pamba ilikitoa pumzi kihenge cha mkulima kwa zaidi ya miaka 20, na kwa maoni yetu hili la pili ndilo lililouma zaidi, ingawa halina sauti ya kusimuliwa.

Hapa tunamkumbuka Nabii Yuusuf ('Alayhis Salaam). Katika Suratu Yuusuf yeye ndiye aliyeomba awekwe juu ya hazina za nchi, na aliwafundisha watu wa Misri waiache nafaka katika masuke yake isipokuwa kidogo ya kula. Bibi zetu hawakusoma tafsiri, lakini mahindi waliyatundika na maganda yake juu ya meko ili moshi uwafukuze wadudu. Kuweka chakula namna hii si ule ulimbikizaji ambao Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alimhesabu mwenye kuufanya kuwa mkosefu. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shaafi'iy wameeleza kwamba ulimbikizaji ulioharamishwa ni kununua chakula cha watu wakati wa bei ya juu na kukifungia ili kizidi kupanda. Aliyeweka mavuno ya shamba lake mwenyewe hayumo.

Tulihitaji kulijua hilo sana miezi ya mwanzo ya mwaka 2021, ambapo barabara za kuingia Palma zilifungwa na vita na bei ya unga na mchele ikapaa.

Masuala yaliyorudi

Desemba 2020 Mute ilishambuliwa na watu wenye silaha ambao wanajiita kwa jina la dini. Tarehe 24 Machi 2021 ikawa zamu ya Palma. Maduka, maghala na vihenge vikaungua au vikaporwa, na watu wakatoka na walichoweza kubeba. Ikawa yale yale masuala ya Tungi ya mwaka 1887 yameingia madrasani kwetu, na wazazi wanauliza. Tunayajibu hapa kwa kifupi kwa mujibu wa fiqhi, na mwenye tatizo lenye utata amwendee shekhe wa karibu naye.

Anayesema: jirani aliniwekea magunia mawili ya mpunga, nayo yameungua pamoja na nyumba yangu. Hiyo ni amana. Ikiwa aliihifadhi kama watu wanavyohifadhi mali zao na hakuitumia wala kuipuuza, hadaiwi kitu. Ikiwa aliula mpunga ule kabla ya moto, anadaiwa.

Anayesema: ndugu yangu alinipa fedha nifanye biashara, faida tugawane, na duka limeporwa. Hiyo ni mudhwaaraba. Hasara ya mtaji ni ya mwenye mtaji, na mfanyaji amepoteza jasho lake. Hawezi kulazimishwa kulipa isipokuwa ikithibiti kwamba alivunja masharti au alizembea.

Anayesema: nilichukua bidhaa kwa mkopo kwa mwenye duka la jumla, zikaungua kabla sijaziuza. Hii ndiyo mali kauli ya wazee wetu. Bidhaa zilikwishakuwa zake tangu alipozipokea, kwa hiyo zimeungua mali yake, na deni limebaki shingoni mwake. Moto haufuti deni. Wapo waliokasirika walipoambiwa hivi, na tunaelewa, kwa sababu mtu amepoteza nyumba na kila kitu. Lakini mwenye kudai naye ana amri yake katika mwisho wa Suratul Baqarah: mdaiwa akiwa katika shida apewe muda mpaka apate wepesi, na kumsamehe ni bora zaidi. Kumpa muda si hisani hapo, ni wajibu. Mwenye duka la jumla anayemfuata mkimbizi kambini na kumdai kila Ijumaa mbele ya watu anakosea, hata kama hesabu yake ni sahihi.

Na suala la mwisho ambalo hatukulitarajia liliulizwa na mama mmoja. Alikimbia na kukuta njiani gunia la unga limeangushwa, akawalisha watoto wake na wa wengine. Tumemwambia kwamba mwenye dharura ya njaa ameruhusiwa kula, na kwamba mwenye gunia akijulikana siku moja, alipwe thamani yake au aombwe radhi. Akasema mwenyewe anamjua, gunia lilikuwa na alama ya duka lake, naye sasa yuko Mtwara. Tumemwandikia.

Wallaahu A'lam.